Wadhibiti wa nishati kusomea sheria za Jumuiya: majibu kwa wananchi wa Mtwara na Lindi

Tangu ijulikane kwamba watumishi wa udhibiti wa nishati wanapelekwa mafunzoni kujifunza namna sheria za kikanda zinavyotungwa, ofisini kwetu malalamiko hayaishi, ya mdomo na ya barua. Mengi yanauliza jambo moja: gesi iko Msimbati na Songo Songo, umeme ukikatika unakatika hapa Mtwara, sasa Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanafuata nini kama si posho? Nitajibu kwa urefu. Swali ni halali, ila majibu yanayozunguka mitaani yanapotosha, na anayeyaamini anapoteza haki ambayo sheria imempa.

Mikoa yetu miwili ina jambo ambalo mikoa mingi haina. Ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji, ambayo imo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) lakini haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kenya ni kinyume chake. Tanzania imo kotekote. Kwa hiyo nishati ikielekea kaskazini inakutana na utaratibu mmoja, na ikivuka kusini inakutana na mwingine. Chukua dereva wa lori la mafuta aliyepakia bandarini Mtwara, amesimama Mtambaswala karibu na Daraja la Umoja la kuvukia Msumbiji, bahasha ya nyaraka iko juu ya usukani. Akimuuliza afisa wetu kwa nini karatasi iliyokubaliwa Namanga haitoshi hapa, afisa huyo hana ruhusa ya kubahatisha.

Sasa tuje kwenye utungaji wenyewe, maana hapo ndipo upotoshaji ulipo mwingi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (kuanzia hapa naiita Jumuiya tu) ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Nishati imetajwa katika Ibara ya 101. Muswada unaweza kuletwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya, au na mbunge yeyote wa Bunge la Afrika Mashariki chini ya Ibara ya 59, isipokuwa unaogusa fedha za Jumuiya, ambao mbunge peke yake hawezi kuuleta. Kila nchi ina wabunge 9 wa kuchaguliwa, wanaochaguliwa na Bunge la nchi yao na ambao hawaruhusiwi kuwa wabunge wa Bunge hilo hilo. Muswada ukishasomwa kwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati, na kamati ndiyo hukusanya maoni ya wadau. Baada ya hapo unarudi bungeni, unajadiliwa na kupitishwa, kisha unapelekwa kwa Wakuu wa Nchi.

Hapa naomba msomaji asiruke mstari. Muswada uliopitishwa hauwi sheria mpaka Wakuu wa Nchi waukubali. Ukikaa miezi 3 bila kukubaliwa, Ibara ya 63 inataka urudishwe bungeni pamoja na sababu. Bunge likiupitisha tena unapelekwa tena, na safari hii Mkuu wa Nchi mmoja tu akikataa, muswada umekufa. Mmoja tu. Kwa hiyo maneno kwamba nchi nyingine 7 za Jumuiya zitaungana kutupigia kura na kuichukua gesi yetu hayana msingi wowote, na inachosha kuyasikia yakirudiwa na watu wenye elimu zao. Hakuna ibara ya Mkataba inayohamisha umiliki wa gesi ya Mnazi Bay, yaani ile ya Msimbati. Sheria Na. 5 ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake ipo na inatumika.

Hatari ya kweli iko kwingine. Sheria ya Jumuiya ikishaanza kutumika, Ibara ya 8(4) inaipa nguvu juu ya sheria ya nchi inayogusa jambo hilo hilo katika utekelezaji wa Mkataba. Vivyo hivyo kanuni, maagizo na maamuzi ya Baraza la Mawaziri yanazifunga Nchi Wanachama kwa mujibu wa Ibara ya 16, na hayo hayapiti bungeni kama muswada. Yanaanzia kwenye vikao vya wataalamu, ambako rasimu hujadiliwa kifungu kwa kifungu. Mdhibiti asiyejua kwamba kikao hicho ndicho mlango wake atanyamaza, kisha arudi nyumbani na kanuni za viwango au ushuru wa kusafirisha umeme ambazo hazikuandikwa kwa kuangalia hali ya Lindi. Kuzibadili baadaye ni kazi ya miaka. Hiyo ndiyo sababu ya mafunzo, na kwa maoni yangu yamechelewa.

Kwa upande wa SADC hakuna bunge linalotunga sheria. Kuna itifaki, yaani makubaliano ambayo nchi husaini kisha kuyaridhia. Itifaki ya Nishati ilisainiwa Maseru, Lesotho, mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 1998, baada ya theluthi mbili ya nchi kuiridhia. Nchi ambayo si mshirika wa itifaki haifungwi nayo. Kwetu, kuridhia ni kazi ya Bunge la Dodoma, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Mbunge wako wa jimbo anahusika hapo moja kwa moja. Muulize.

Naongeza moja kwa ajili ya Lindi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya methani inayowadai waagizaji wa gesi taarifa za namna mzalishaji anavyopima na kudhibiti hewa hiyo. Ilipendekezwa na Kamisheni, kisha ikakubaliwa na Bunge pamoja na Baraza lao. Sisi hatuna kura kule. Lakini gesi ya Likong'o, eneo la Lindi lililotengwa kwa mtambo wa kusindika gesi, ikisindikwa na kutafuta soko Ulaya, kanuni hiyo itakuwa inaisubiri bandarini, na wataalamu wetu lazima waisome mapema.

Kuhusu ukiukaji, Katibu Mkuu wa Jumuiya akiona nchi imekiuka Mkataba anaiandikia ili itoe maelezo. Isipojibu ndani ya miezi 4, au majibu yasiporidhisha, suala linakwenda kwa Baraza la Mawaziri, ambalo huamua kama lifikishwe mahakamani. Nchi isiyotimiza wajibu wake inaweza kuchukuliwa hatua na Wakuu wa Nchi chini ya Ibara ya 143. Hatua hizo hazimgusi mwananchi mmoja mmoja, kwa hiyo wafanyabiashara wa mafuta wasitishwe na matapeli wanaodai faini za Jumuiya vijiweni.

Mwananchi ana njia yake pia. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa Nchi Mwanachama, awe wa Kilwa au Nanyamba, kupinga uhalali wa sheria, kanuni au uamuzi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Muda ni miezi 2 tangu hatua hiyo ilipochukuliwa au tangu alipoijua. Mahakama hiyo hukazia mno muda, na shauri lililochelewa halisikilizwi hata likiwa na hoja nzito.

Anayetaka kutoa maoni wakati muswada ungali kwenye kamati, ayaandike. Ataje jina la muswada na namba ya kifungu, aeleze kinamgusa vipi katika kazi yake, na apendekeze maneno anayotaka yawekwe. Maoni yanayosema tu "hatutaki" tunayapokea na kuyahifadhi, lakini kamati haina cha kurekebisha ndani yake. Ofisi za Halmashauri zinaruhusiwa kutusaidia kuyapokea, na hakuna ada.