Mkufunzi wa silaha apimwe kwa mwanafunzi wake

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya Nairobi, nikiwatahini maafisa wanaotaka kuwa wakufunzi wa silaha. Aliyewapita wote kwa kulenga alikuwa sajini mmoja. Karatasi yake ilikuwa na tundu moja pana katikati, risasi zote zimepita pale pale, na wenzake wakaja kuipiga picha kwa simu. Jioni nikamwandikia kwamba hajafuzu. Hakufurahi, na wenzake kadhaa waliniuliza inawezekanaje. Nimeona niwajibu hapa kwa kirefu, kwa sababu swali hilo nimeulizwa kila mwaka tangu nianze kazi hii.

Asubuhi hiyo tulimpa konstebo wa kumfundisha. Konstebo anatumia mkono wa kulia, na risasi zake zote zilikuwa zinaangukia chini kushoto. Sajini akaitazama karatasi, akamwambia, "Lenga vizuri." Konstebo akapiga tena, chini kushoto. "Shika bastola imara." Chini kushoto. Mwishowe akamwambia, "Basi lenga juu kidogo, upande wa kulia." Risasi zikasogea karibu na katikati na sajini akaridhika. Mimi hapo nikafunga daftari. Askari alikuwa amefundishwa kulenga mahali ambapo hataki risasi iende.

Tatizo la konstebo yule halikuwa macho. Mwili ukishazoea kwamba kidole kikivuta kunatokea kishindo na teke, huanza kujikinga mapema. Sehemu ndogo ya sekunde kabla ya risasi kutoka, kiganja hukaza na kifundo cha mkono husukuma mtutu chini. Mpigaji mwenyewe hajui, kwa sababu teke la bastola linaficha kila kitu. Aliyesimama nyuma akitazama karatasi naye hajui. Anayejua ni yule aliyesimama kando, upande wa mkono wenye silaha, macho yake yakiwa kwenye vidole na kope za mwanafunzi.

Kuna njia ya zamani ya kuyafichua haya, na kila mkufunzi anapaswa kuwa nayo. Nilimwomba konstebo magazini yake, nikampa mgongo, nikachanganya risasi za moto na risasi bandia bila yeye kuona mpangilio. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ilikuwa bandia. Kifyatulio kikasema "ka", mlipuko haukuja, na mtutu ukainama kama kichwa cha abiria anayesinzia kwenye matatu. Konstebo akabaki ameuangalia.

"Afande, hiyo ni mimi nimefanya?"

"Ni wewe. Na kila risasi umekuwa ukifanya hivyo."

Sikumwambia alenge kwingine. Tulirudia, bandia na ya moto, bandia na ya moto, avute taratibu mpaka mlipuko umshtue mwenyewe. Haikufika nusu saa, risasi zikapanda katikati zenyewe. Sajini alikuwa amesimama pale na aliona yote. Ni mtu makini, na naamini atarudi na kufuzu. Ila siku ile hakuwa mkufunzi bado, na karatasi yake nzuri haikuweza kumsaidia konstebo kwa lolote.

Sisemi kwamba alama za kulenga hazina maana. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kwa mfano, mtihani wao wa bastola una risasi 50. Afisa wa kawaida hufuzu akipata asilimia 80, yaani 40 ndani ya eneo la shabaha. Mkufunzi hutakiwa asilimia 90, yaani 45. Naona sababu nzuri ya pengo hilo. Mwana hufuata kisogo cha nina. Kurutu hunakili mkufunzi wake mpaka namna anavyokunja kiwiko, na mkufunzi anayeonyesha kosa atalizalisha kosa hilo mara thelathini kwa darasa moja. Kwa hiyo alama ziwepo, na ziwe juu kuliko za mwanafunzi. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango. Wengi wanakifanya kuwa nyumba nzima.

Sehemu ninayoipa uzito kuliko zote ni usalama, na hapa sitaki kuzungumza kwa mafumbo. Februari 2013, karibu na Baltimore nchini Marekani, mkufunzi wa polisi aliingia kwenye zoezi akiwa na silaha mbili: moja ya mazoezi inayorusha rangi, na bastola yake halisi. Akakosea. Akampiga mwanafunzi wake risasi kichwani. Mwanafunzi alinusurika na majeraha makubwa, na mkufunzi akahukumiwa mahakamani. Agosti 2016, mjini Punta Gorda, Florida, polisi waliwaalika raia waonyeshwe jinsi afisa anavyoamua kupiga au kutopiga. Bastola ilidhaniwa kuwa na risasi zisizoua. Zilikuwa risasi halisi, na mama wa miaka 73, mkutubi mstaafu, akapigwa mbele ya wageni waalikwa, akafa.

Katika visa vyote viwili hakukosekana mtu anayejua kulenga. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni na kumpekua kila anayeingia, akianza na mkufunzi.

Mimi pia yamenikaribia. Miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, nilikuwa nafundisha darasani namna ya kuondoa risasi iliyokwama. Tulikuwa na kopo la risasi bandia, zile za shaba zilizopakwa rangi nyekundu kitakoni. Rangi ilikuwa imebanduka kwa kutumika. Nilizimwaga mezani nianze kuzigawa, na moja ikaanguka sakafuni kwa sauti tofauti, nzito. Niliiokota. Kitako chake kilikuwa na kiwashio kizima. Ilikuwa ya moto, imekaa kati ya zile bandia sijui tangu lini, na darasa lilikuwa na watu ishirini na wawili waliokaa wakitazamana.

Tangu siku hiyo situmii bandia zinazofanana na risasi halisi. Natumia za plastiki yenye rangi kali. Nazihesabu mbele ya darasa, mwanafunzi mmoja anazihesabu tena, wa pili anazihesabu tena, na hakuna risasi ya moto inayovuka mlango wa chumba hicho, hata iliyo kiunoni mwa mkubwa wa kituo. Ninapomtahini mtu, sehemu hii haina nusu alama. Akiingia kwenye chumba cha zoezi bila kupekua na kupekuliwa, mtihani wake umeisha pale.

Sasa sheria. Nimesikia wakufunzi wakisema hayo ni mambo ya mawakili. Hapana. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ni somo la uwanjani. Linasema bunduki itumike tu pale ambapo njia nyepesi zaidi hazitoshi, kwa ajili ya kuokoa uhai, kujitetea au kumtetea mwingine dhidi ya hatari iliyo karibu ya kifo au jeraha kubwa. Linamtaka afisa ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, kwa muda wa kutosha onyo hilo lisikike na kutiiwa, isipokuwa kufanya hivyo kutahatarisha maisha au hakuna maana katika hali ilivyo. Linataka juhudi zote zifanywe kuepuka kutumia bunduki, hasa dhidi ya watoto. Kila risasi inayofyatuliwa iripotiwe kwa mkubwa hata kama hakuna aliyeumia, na ikileta kifo au jeraha kubwa taarifa iende IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Basi mwanafunzi akiuliza, "Afande, mtu akitoroka na televisheni begani, nampiga?" mkufunzi hana ruhusa ya kucheka na kusema mengine mtayaandika baadaye kwenye ripoti. Maneno ya mkufunzi uwanjani hukaa kichwani kuliko ya kitabu. Sheria hiyohiyo ilirekebishwa mwaka 2014 ikaongezewa mazingira mengine, kama vile kuzuia mshukiwa aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini. Mkufunzi aliyepata cheti kabla ya hapo na hakurudi darasani alikuwa anafundisha sheria ya jana. Ndiyo maana nasisitiza cheti kiwe na tarehe ya kuisha. Ningekuwa na uamuzi, ningeandika miaka miwili, na kukihuisha kuwe mtihani kamili: kulenga, kufundisha na sheria.

Kuna kesi ya Marekani ambayo huwasomea watahiniwa wote, kwa sababu nikiisoma naona mitaa yetu. Mwaka 1979 mahakama ya shirikisho huko New Jersey ilisikiliza shauri dhidi ya mji wa Margate. Afisa alikuwa akimkimbiza mshukiwa usiku, akafyatua risasi, akamuua mkazi aliyetoka nje ya nyumba yake. Ilibainika kwamba mafunzo ya kuendelea ya maafisa wale yalikuwa kupiga shabaha uwanjani kama mara mbili kwa mwaka. Hawakufundishwa kupiga kinachosogea, wala usiku, wala katikati ya makazi, na mji wenyewe karibu wote ni makazi. Miaka kumi baadaye Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya mji wa Canton, ikasema kwamba pale unapompa afisa bunduki ukijua atakimbizana na wahalifu, haja ya kumfundisha mipaka ya kuua iko wazi mno kiasi kwamba kuipuuza ni kutojali haki za watu.

Sasa iweke Nairobi. Uwanja wa shabaha una tuta la udongo nyuma, na tuta humsamehe kila anayekosa. Mukuru hakuna tuta. Kuna mabati, na nyuma ya mabati kitanda, na nyuma ya kitanda mabati ya jirani, na risasi ya bunduki hupita yote. Eastleigh saa kumi na moja jioni, nyuma ya mtu mmoja kuna watu mia. Machi 2020, polisi wakitekeleza kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, akafa. Sitaki kuihukumu kesi hiyo hapa. Nataka mkufunzi anayefuzu kwenye mji huu aweze kumsimamisha mwanafunzi wake mbele ya shabaha na kumuuliza, kabla hajagusa kifyatulio: nyuma yake kuna nini? Juu yake? Ukikosa, risasi inalala wapi? Na ajue kupanga zoezi ambalo jibu sahihi ni kutopiga kabisa, na mwanafunzi aliyeshusha silaha apewe alama zake zote.

Jambo jingine, kwa ufupi: miili haifanani. Bunduki ya G3 ina uzito wa zaidi ya kilo nne na urefu wa zaidi ya mita moja, na kitako chake hakikuchongwa kwa ajili ya dada mwenye mabega membamba. Nimeona wakufunzi wakimgombeza konstebo wa kike kwamba anaogopa, kumbe kitako kiko juu ya mfupa wa bega badala ya kukaa kwenye shimo lililo chini yake. Wanaotumia mkono wa kushoto nao huonewa vivyo hivyo, maganda ya moto yanawapita usoni na mkufunzi anawaambia wabadilishe mkono. Kwa hiyo kwenye mtihani wangu kila mtahiniwa hupewa mwanafunzi mmoja asiyefanana naye kwa umbo.

Na mwisho kuna cheo. Kwenye huduma yetu mtu huitikia "afande" kabla hajafikiri, na hapo ndipo wakufunzi wengi wazuri huanguka. Katika kila mtihani naomba afisa wa cheo cha juu ajiunge na mstari kama mwanafunzi, na tunakubaliana kisiri kwamba wakati fulani, silaha ikiwa tupu na tumeikagua watu watatu, atageuka nayo mkononi kana kwamba anataka kuuliza swali. Mtahiniwa haambiwi.

Mwaka jana alikuwa koplo, kijana mpole, alama zake za kulenga za kawaida tu. Mkubwa akageuka, mtutu ukaanza kupita mbele ya wenzake. Koplo hakusema "samahani afande". Alipaza sauti, "Acha! Wote, silaha chini!" na wakati huohuo mkono wake ulikuwa tayari umeukamata mkono wa mkubwa na kuuelekeza kwenye tuta. Mstari mzima ukanyamaza. Akamtoa mkubwa nje ya mstari, akamsimamisha kando, akaikagua silaha chemba na magazini, kisha akamweleza kosa lake mbele ya wote kwa sauti ya kawaida, kama angemweleza kurutu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, niliiona.

Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeelewa, mwalimu," akarudi kwenye foleni kungoja zamu yake.