Kambi ya lapu ni nini, na unabeba nini kama kambi yenyewe iko Dodoma

Lapu ni mchezo wa kuigiza usio na jukwaa wala watazamaji. Unapewa au unajitungia mhusika, labda mganga, mlinzi wa msafara, binti wa mtemi aliyetoroka kwao, unavaa nguo zake, unatembea na kuongea kama yeye, na wenzako wote wanafanya hivyo hivyo na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa maneno ya kusema. Kilichopo ni sheria za mchezo, historia ya huo ulimwengu mliokubaliana, na watu wachache wanaouendesha ambao wanajua siri za kila kundi. Wazungu wanaiandika LARP. Kama utotoni ulicheza baba na mama, ule wa kupika mchanga kwenye kifuniko, basi mzizi wake unaujua tayari, ila hapa ni watu wazima na wanakaa humo usiku na mchana.

Marekani kuna kundi la Dagorhir lilianza kupigana na silaha za sponji mwaka 1977, Uingereza 1982 wenzao wa Treasure Trap wakawa wanachezea kwenye ngome ya Peckforton, na nchi za Skandinavia wakaupeleka mbali zaidi, tangu 1997 wana mkutano wao unaitwa Knutepunkt ulioanzia Oslo, na huko unaweza kukuta mchezo mzima hauna upanga hata mmoja, ni familia tu imekaa msibani inagombania urithi. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba lapu lazima iwe na mazimwi.

Sasa kambi. Kambi ya wikiendi maana yake mnafika Ijumaa jioni, mnapanga mahema, mnakumbushana sheria, alafu mchezo unafunguliwa na kuanzia hapo wewe sio wewe mpaka Jumapili mchana utakapofungwa. Unakula ukiwa mhusika, unaota moto ukiwa mhusika, na ukiamshwa saa tisa usiku kwamba kijiji kimevamiwa unatoka ukiwa mhusika. Na hapa ndipo maandalizi yanapokuwa na maana ya pekee, kwa sababu unafungasha mizigo ya watu wawili wanaotumia mwili mmoja. Mtu mpya kwa kawaida anahangaika wiki tatu na joho la mhusika na kusahau blanketi la mwili wake. Mimi nasema kinyume chake, joho linaweza kuwa la kuungaunga, blanketi hapana. Ukishikwa na baridi au kiu au kidole kimechubuka, mhusika anakutoka, na akikutoka wewe unaanza kulalamika kwa sauti yako ya kawaida na wale watatu uliokaa nao wanatokwa na wa kwao pia.

Kwa Dodoma hilo ni jambo zito. Watu wanaijua kwa jua na vumbi, wanasahau mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku nyuzi zinashuka mpaka karibu 14 na upepo ule unaovuma hauna huruma, mtu aliyetoka Dar na khanga moja atalia. Kwa hiyo nguo ya mhusika ishonwe pana, sweta liingie chini bila kuonekana. Mwambie fundi mapema, maana akikupima ukiwa na fulana tu atakubana. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kambi nzuri ni baada ya hapo, na hata kama kumekauka kabisa msipige hema kwenye korongo eti kwa sababu mchanga wake ni laini.

Nguo zenyewe haina haja ya kuagiza mtandaoni. Kaniki, shuka, mgolole, magauni makubwa ya mitumba pale Sabasaba ambayo fundi anayakata yanakuwa kitu kingine, mikanda ya ngozi, na katambuga ambazo zinafaa karibu ulimwengu wowote wa zamani. Ila katambuga ni za mchana kwenye eneo lililofagiliwa. Porini kuna miiba ya migunga inayotoboa kandambili kama karatasi, na usiku kuna nge, kwa hiyo beba viatu vya kufunika mguu hata kama mhusika wako hajawahi kuvaa kiatu, na asubuhi vikung'ute kabla hujaingiza mguu. Ukitaka kuchukua mavazi au ngoma za Wagogo uliza wenyewe kwanza, muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, una watu wake na heshima yake, na kumgeuza mganga wa watu kichekesho mbele ya wenyeji waliowapa eneo ni kuwakosea adabu.

Kitu kimoja usibebe kabisa: kombati au chochote kinachofanana na sare za jeshi. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 raia wote wenye nguo za aina hiyo wazisalimishe, na sheria haikuulizi kama ulikuwa unaigiza.

Silaha ni bomba jembamba la plastiki au ufito, linavishwa sponji nene hasa kwenye ncha, unaweza kupata mabaki kwa mafundi sofa, gundi ya viatu, alafu solotepu au kitambaa juu. Kila silaha inakaguliwa kabla mchezo haujafunguliwa, mkaguzi anajipiga nayo mwenyewe, ikiuma inakaa kando. Hakuna kupiga kichwa. Panga la kweli haliingii uwanjani hata kama pambo, la kukatia kuni libaki jikoni kwa mpishi. Na kuwe na neno moja la kusimamisha kila kitu, mfano "SIMAMA", likisemwa na yeyote wote wanaganda, kwa sababu "niache, unaniumiza" inaweza kuwa ni mhusika anaigiza na hakuna atakayejua.

Kabla ya hayo yote waendeshaji waende kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, waeleze ni nini, ni lini, ni watu wangapi. Fikiria mama anachota maji alfajiri anakutana na watu wamejipaka masizi wanakimbizana na marungu. Akiwa na taarifa atacheka, asipokuwa nayo mtapigiwa mwano, yaani yowe la kuita msaada, na wanakijiji watakuja na marungu ya ukweli. Kuhusu mahali, msiende kuchezea kwenye michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa. Ni urithi wa dunia tangu 2006 na wenyeji bado wanafanya matambiko pale, kwenda kuangalia na mwongozaji ni sawa, kukimbizana hapana.

Chakula ni rahisi, ugali wa uwele au mtama, mlenda, karanga, ubuyu, zabibu kama ni msimu, vyote vinakaa vizuri kwenye ulimwengu wa zamani. Maji ya kunywa yasipungue lita tatu kwa mtu kwa siku, mbebe kwa madumu, msitegemee bwawa, kuna kichocho. Dawa zako binafsi zikae mwilini sio hemani, na mwendeshaji mmoja ajue ni za nini. Simu zizimwe isipokuwa moja, iwe na chaji na namba ya dereva aliye tayari kwenda zahanati saa yoyote.

Mhusika naye anaandaliwa. Usiandike historia ya kurasa kumi, hakuna atakayeisoma. Mpe kitu anachokitaka sana ambacho hawezi kukipata bila msaada wa mtu mwingine, mpe kitu anachokiogopa, na mkubaliane na wachezaji wawili kabla kwamba mnajuana, mmoja labda mnadaiana. Ukiwa na hivyo hutakaa kando kwenye jiwe umejiinamia ukisubiri mambo yaje yenyewe, kitu ambacho kinawakuta wengi wa mara ya kwanza hasa wapole.

Mwisho Jumapili msikimbilie gari. Hisia za mhusika huwa zinavuja, mtu amesalitiwa na rafiki yake kwenye mchezo na hasira anaisikia kweli kifuani ingawa akili inajua. Vueni nguo za mchezo, nawa uso, kaeni duara muitane kwa majina yenu halisi, na aliyekuwa msaliti aende kwa aliyemsaliti waongee kidogo. Tengeni saa nzima kwa hilo kwenye ratiba, na dereva aambiwe mapema kwamba mnaondoka saa tisa, sio saa nane.