Kamera ya Utumbo Mwembamba: Kompyuta Inakisia Nini Hasa?

"Nimepimwa kwa kamera juu na chini, hawakuona kitu, kwa hiyo tumbo ni zima."

Si kweli, na dhana hii inaniumiza nikiisikia kwa mtu anayeongezewa damu mara kwa mara huku choo chake ni cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni. Kamera ya mdomoni huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na ya njia ya haja kubwa hugusa mwisho wake tu. Katikati hubaki mita kadhaa ambazo hazijaonwa na mtu. Kwa ajili ya sehemu hiyo kuna kidonge chenye kamera, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Unakimeza kwa maji, kinapiga picha zaidi ya 50,000 kwa saa nane hivi, kisha kinatoka chooni.

"Siku hizi kompyuta inasoma picha, daktari wa nini?"

Programu huchambua na kutenga picha zenye shaka, naye daktari ndiye anayeamua. Msaada wake ni mkubwa kweli: katika utafiti wa hospitali 77 za China uliochapishwa mwaka 2019, wastani wa muda wa kusoma picha za mgonjwa mmoja ulishuka kutoka dakika 96.6 hadi 5.9. Lakini programu inajua ilichofundishwa tu. Sisi tuna minyoo ya safura na kifua kikuu cha utumbo, hivyo nasisitiza ipimwe kwanza kwa wagonjwa wa Dar es Salaam kabla hatujaiamini.

"Kukisia damu inavuja wapi ni mambo ya mashine za gharama."

Sehemu kubwa inaanza kwa maswali: umri, kiwango cha damu mwilini, dawa unazotumia, na damu imeonekana lini. Swali la mwisho lina uzito sana, kwa sababu kidonge kikimezwa ndani ya saa 48 tangu damu ionekane, uwezekano wa kukipata chanzo huongezeka. Vilevile, muda ambao kidonge kilichukua kufika penye kidonda humsaidia daktari kukisia aingize kamera ndefu ya puto (puto huisaidia kusonga ndani ya utumbo) kwa mdomoni au kwa chini.

"Kidonge hakina madhara, kila mtu ameze."

Kinaweza kukwama penye mbano, yaani pale utumbo ulipokuwa mwembamba kupita kiasi. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu cha utumbo, ulipasuliwa tumbo, au umemeza diklofenaki (dawa ya maumivu) za duka la dawa la mtaani kwa miaka, mweleze daktari. Anaweza kukupa kwanza kidonge cha majaribio kinachoyeyuka. Na usiingie kwenye kipimo cha MRI (mashine ya picha yenye sumaku kali) kabla kidonge hakijatoka.