Nyumba ya mawe isivishwe saruji

Wiki iliyopita niliitwa kukagua nyumba ya mawe hapa Arusha, ya enzi za Mjerumani. Mama mwenye nyumba alinipeleka chumba cha nyuma, akabonyeza ukuta kwa kidole. Lipu ikamong'onyoka, ikadondoka sakafuni. "Mwanangu, huu mwaka wa tatu tunapiga lipu, na kila masika inatoka."

Nikaokota kipande. Saruji tupu, unene wa vidole viwili. Mawe nyuma yake yalikuwa yameungwa kwa chokaa, yamelowa, yamefunikwa na unga mweupe wa chumvi.

Nyumba nyingi za wakati ule hazina tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, kwa hiyo maji hupanda ukutani kutoka ardhini. Chokaa ina vitundu vidogo vinavyoyaruhusu kutoka kama mvuke, na kiangazi ukuta hukauka wenyewe. Ukiuvika saruji, au ukaupaka rangi ya mafuta, maji hukosa njia. Yanazidi kupanda na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Fundi aliyetangulia aliongeza saruji kila mwaka. Ndiyo iliyokuwa ikiumaliza ukuta.

Nimemshauri tuibandue kwa patasi, taratibu, gata zitengenezwe, ukuta uachwe ukauke hata kwa miezi. Ndipo tupige lipu ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga, tabaka jembamba jembamba, tukifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa hukomaa polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa, ukiiharakisha inapasuka.

Sheria haitamsaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Nyumba za Wajerumani na Waingereza zote ni za baadaye, kwa hiyo hazilindwi hadi zitangazwe rasmi.

Kijana wake akauliza, "Kwa nini tuhangaike na nyumba ya mkoloni?" Swali la haki. Mwaka 1900 Mjerumani alimnyonga Mangi Meli, mmoja wa machifu wa Wachaga, kule Old Moshi, na Boma la Arusha, ngome yao ya miaka hiyohiyo, lilijengwa kwa kuwalazimisha Waarusha na Wameru. Nikamwonyesha jiwe la pembeni mwa dirisha, lenye mistari ya patasi, mmoja umekwenda upande. Nani alilichonga, kama si watu wetu?

Alilipapasa jiwe lile kwa muda. Tutaanza na chumba cha nyuma mvua zikikatika, na ameomba patasi ya kwanza aishike yeye.