Maana ya Programu Haimo Kwenye Mashine Yako

Chukua mstari mmoja wa lugha ya programu iitwayo C: f() + g(). Hapo f na g ni fanksheni, vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina. Tuseme kila moja, kabla ya kurudisha namba yake, inachapa neno kwenye skrini. Neno la nani litatangulia? Wengi hujibu palepale: la f, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Kumbe kiwango rasmi cha C hakijaamua. Kompaila (programu inayotafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine) moja inaweza kuanza na f, nyingine na g, na hakuna iliyokosea. Katika Java jibu ni moja tu, kwani maelezo ya lugha yanaamuru upande wa kushoto utangulie.

Hapo ndipo inapoporomoka dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba maana ya programu ni kile unachokiona ukiiendesha. Ulichokiona ni tukio moja, kwa kompaila moja, kwenye mashine moja, siku moja. Maana ya programu ni jumla ya yote ambayo lugha inaruhusu yatokee. Semantiki ya utendaji huandika jumla hiyo kwa kanuni za hatua: programu ikiwa katika hali hii, hatua halali zinazofuata ni hizi na hizi. Vichwa vilivyonukuliwa hapa chini ni kauli nyingine zinazostahili kujibiwa.

"Hizo ni hesabu za maprofesa"

Mwaka 1981 Gordon Plotkin wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliandika maelezo ya mihadhara kuhusu njia hii, aliyoitoa Aarhus, Denmark. Yalisomwa kama ripoti ya idara kwa zaidi ya miaka 20, hadi yalipochapishwa jaridani mwaka 2004. Kanuni yenyewe huandikwa hivi: unachora mstari wa mlalo. Juu yake unaandika sharti, chini yake hatua inayoruhusiwa. Kwa kujumlisha: ikiwa usemi wa kushoto unaweza kupiga hatua, jumla nzima inapiga hatua hiyo huku wa kulia ukisubiri. Wa kushoto ukishakuwa namba, zamu inahamia kulia. Pande zote zikiwa namba, zijumlishe. Basi. Kanuni tatu zimemaliza ubishi wa f na g. Ukitaka kuiachia kompaila uhuru wa kuchagua, futa sharti la "wa kushoto ukishakuwa namba", na mwenzako atauona uhuru huo bila kubahatisha.

Wala kazi hii haijabaki darasani. WebAssembly, lugha ambayo vivinjari vya intaneti huiendesha, ilielezwa kwa kanuni za aina hii tangu ilipotangazwa kitaaluma mwaka 2017. Mtafiti Conrad Watt alipoziandika upya ndani ya Isabelle, programu inayokagua uthibitisho wa kihisabati hatua kwa hatua, makosa yaliyojificha kwenye rasimu ya lugha yalijitokeza na kurekebishwa.

"Nimeijaribu mara elfu, haijawahi kukosea"

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu anayeisema huwa mkweli kabisa.

Michakato miwili, yaani programu mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, A na B, inashiriki kihesabio kimoja kilichoanza na 0, na kila mmoja unakiongezea 1. "Ongeza 1" linaonekana tendo moja. Ndani yake mna matatu: soma, jumlisha, andika. Hatua tatu za A na tatu za B, kila mchakato ukifuata mpangilio wake, zinaweza kuchanganyika kwa njia 20. Chukua karatasi uzihesabu. Jibu 2, lile tunalolitarajia, linapatikana katika njia mbili tu: A umalize ndipo B uanze, au kinyume chake. Njia 18 zilizobaki zinatoa 1, kwa sababu mmoja ulisoma 0 kabla mwenzake hajaandika.

Mashine haizichagui njia hizo kwa usawa. Hatua tatu hupita upesi mno, na mara nyingi A huwa umekwisha kabla B haujaanza. Ndiyo maana majaribio elfu yanapita, na lile la elfu moja na moja linatokea kwa mteja.

Sasa kila mmoja uongeze mara 10. Jibu dogo kabisa linaloweza kutokea ni lipi? Wengi hutaja 10. Ni 2. A unasoma 0 na kusimama. B unamaliza mizunguko yake tisa. A unazinduka na kuandika 1, ukifuta kazi yote ya B. B unaanza mzunguko wa mwisho, unasoma ile 1, unasimama. A unakamilisha mizunguko tisa iliyobaki. Kisha B unaandika 2. Hakuna kanuni iliyovunjwa hata moja. Jibu hili ni vigumu mno kulipata kwa kuendesha programu ukisubiri. Unalipata kwa kuzifuata kanuni.

Kosa la familia hii lilikuwamo katika programu ya kengele iliyonyamaza kwenye chumba cha kuongozea umeme huko Ohio tarehe 14 Agosti 2003, siku ambayo watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Halikuwa sababu pekee, lakini waongozaji hawakujua kwamba njia za umeme zilikuwa zikianguka.

"Matendo yakifuatana kwa namna ileile, michakato ni sawa"

Fikiria mashine mbili za vinywaji. Ya kwanza: unatia sarafu, kisha unachagua chai au kahawa. Ya pili: ukitia sarafu, yenyewe inaamua kimyakimya kama itakufungulia chai peke yake au kahawa peke yake. Andika mifuatano yote inayowezekana: sarafu kisha chai, sarafu kisha kahawa. Orodha za mashine zote mbili zinalingana neno kwa neno. Ila mwenye hamu ya chai, mbele ya ile ya pili, anaweza kubonyeza mpaka kidole kiume asipate kitu.

Mwanasayansi wa kompyuta Robin Milner, aliyetoa mwaka 1980 kalkulasi yake (lugha ya kihisabati) ya michakato inayowasiliana, alilihangaikia swali hili, na mwaka 1981 mwanasayansi mwenzake David Park akampa kipimo kinachoitwa baisimulesheni. Kila hatua ya mmoja sharti ijibiwe na mwenzake, na pale wanapofikia waendelee kujibizana vilevile. Mashine ya kwanza ikimeza sarafu, inafika penye milango miwili. Ya pili haina pa kufika penye milango yote miwili, kwa hiyo imeshindwa kujibu. Kwangu hili ni miongoni mwa mawazo mazuri kuliko yote katika taaluma ya kompyuta: mchakato hupimwa pia kwa yale ambayo bado unaweza kuyafanya.

"Ukichanganya hatua kwa kila njia, umemaliza"

Bado. A unaandika x = 1 kisha unasoma y; B unaandika y = 1 kisha unasoma x; vyote vilikuwa 0. Kwa mchanganyiko wowote, angalau mmoja lazima usome 1. Kwenye prosesa za x86, aina iliyoenea kwenye kompyuta, michakato yote miwili inaweza kusoma 0, kwa kuwa kila kiini (sehemu ya prosesa inayoendesha mchakato) kina foleni ndogo ambamo maandishi husubiri kabla ya kufika kwenye kumbukumbu kuu. Mtafiti Peter Sewell na wenzake walipoandika x86-TSO, modeli ya namna prosesa hizo zinavyotumia kumbukumbu, waliziingiza foleni hizo ndani ya hali ya mashine na kuzipa kanuni zake.

"Kilichothibitishwa hakina kosa lolote"

Mtafiti Xavier Leroy na wenzake nchini Ufaransa waliunda CompCert, kompaila ya C yenye uthibitisho kwamba tafsiri yake inafuata semantiki ya programu asilia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitangaza matokeo ya kuzijaribu kompaila mbalimbali kwa programu zilizotungwa kiholela na kompyuta, na walikuwa wameripoti makosa zaidi ya 325. Hata CompCert ilikutwa na makosa, katika sehemu ambazo uthibitisho haukuwa umezigusa. Kwenye sehemu ya kati, iliyothibitishwa, walitafuta kwa muda wa prosesa unaofikia miaka 6 na hawakupata tafsiri hata moja iliyopotoka.