Bati nzito, bati nzito! Jamani fundi bodi nimechoka

Jumamosi kaja mzee mmoja na Land Cruiser yake, zile series 40 ambazo Toyota waliacha kuzitengeneza 1984, fenda ya mbele kulia, lile bati linalofunika tairi, imeliwa na kutu mpaka tairi unaliona ukiwa umesimama pembeni. Fenda ya kuchonga kwa mkono, kazi ninayoipenda kuliko zote. Nikamwambia mzee wangu hii naichonga kwa bati la skrepu, kaa kwa amani. Akakubali, bei tukaelewana, nikadhani tumemaliza. Kafika getini kageuka: "Ila fundi, weka bati nzito. Sitaki makaratasi."

Aisee. Hiyo sentensi nimeisikia mara ngapi? Mwenye Noah anaisema, mwenye kirikuu, kale kapikapu kadogo, anaisema, hata kijana mwenye IST iliyogongwa na bajaji anaisema, na wote wanaisema kwa sauti ileile ya mtu anayekupa siri. Sasa leo naandika, na akija mwingine namtumia link tu.

Bati kuwa zito siyo bati kuwa imara. Panda juu ya nyumba yako uangalie bati la paa, geji 30, halifiki hata nusu milimita, na fundi paa anatembea juu yake akikanyaga penye mbao, mvua inapiga, upepo unapiga, limetulia. Lichukue hilohilo ulinyooshe yale mawimbi yote liwe tambarare, halafu lishike upande mmoja uone linavyolegea kama chapati. Ni chuma kilekile na unene uleule, kilichoondoka ni mikunjo tu. Au angalia karai la zege. Bati lake jembamba, linabebwa kichwani limejaa zege bichi, linatupwa chini, linaburutwa, na linadumu kwa sababu lina tumbo la mviringo na ukingo wake umekunjwa, mengine wanatia na waya ndani. Hata pipa la lita 200, ile mikanda miwili iliyovimba katikati unadhani ni mapambo?

Fenda ni hivyohivyo. Nguvu yake iko kwenye tumbo, kwenye ule mstari uliokunjwa juu, na kwenye mdomo unaozunguka tairi. Bodi za nje za saloon za siku hizi ukipima unene utakuta milimita 0.7, 0.8 hivi. Wajapani hawajakosa chuma jamani, wamekunja vizuri.

Sasa nisiwe muongo, kuna mahali mnanishinda. Bati likiwa tambarare kabisa unene unasaidia, tena sana, ukiongeza unene mara mbili ugumu wa kupinda unapanda mara nane. Kwa hiyo zile kirikuu zinazobeba samaki kutoka soko la Feri, maji ya barafu na chumvi yanachuruzika humo kila siku, sakafu yake mi mwenyewe nawawekea milimita 1.5 bila kuulizwa, maana pale napambana na kreti zinazotupwa na kutu inayokula, siyo umbo. Ila hakuna aliyewahi kuniletea sakafu akasema weka bati nzito. Wanasema kwenye fenda na kwenye mlango!

Na mlango ndo balaa zaidi. Bati la chuma la milimita moja ni kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba. Ngozi ya mlango tuseme ni mita za mraba 0.8, kwa bati la 0.7 unapata kilo 4.4 hivi, kwa la 1.5 unapata 9.4. Hizo kilo tano za ziada zinaning'inia kwenye bawaba zilezile za zamani, mlango unaanza kushuka, unaufunga kwa kuunyanyua, halafu unarudi kusema fundi hajui kazi. Tena bati zito unalichomelea kwenye nini? Kwenye bodi ya 0.7 iliyobaki. Moto unaotosha kuyeyusha la 1.5 unatoboa la 0.7 kabla hujapepesa, ukipunguza moto la zito halishiki vizuri, linakaa kama limebandikwa kwa gundi.

Halafu kuna wale wa "gari za zamani zilikuwa chuma kweli". Mwaka 2009 wale jamaa wa IIHS, taasisi ya kupima usalama wa magari huko Marekani, waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva. Bel Air, hilo lichuma lote, ndani kwa dereva kulifinyangwa, ile mpya chumba chake kikabaki chumba. Ngozi ya nje siyo inayokuokoa, kinachokuokoa ni mifupa ya ndani. Fenda imefungwa kwa bolti tu, we unataka ikuokoe na nini?

Haya, skrepu ipi. Paa la gari lililokufa ndo dhahabu, pande kubwa, lina mviringo tayari, halina matundu. Boneti ngozi ya juu. Makabati ya faili ya ofisini, yale ya chuma, mazuri mno. Ubavu wa friji mwembamba, acha. Pipa zuri lakini nene na gumu kidogo. Nguzo za katikati za gari mpya msiguse, chuma kile kimeshapikwa kiwandani, ukikitia moto umekiharibu. Bati lenye zinki kwangua zinki kwanza pale unapochomea, moshi wake mweupe unakupa homa usiku unatetemeka kama una malaria. Kijiweni wanasema kunywa maziwa. Nimeyanywa sana maziwa, homa nikaipata vilevile, dawa ni kutouvuta huo moshi.

Pipa hapa sitanii. Usilikate kwa gesi wala grainda kama hujui lilibeba nini, mvuke uliobaki ndani unalipuka hata kama pipa "tupu". Mi nalisafisha, nalijaza maji mpaka juu kabisa, natoboa kwa tindo na nyundo chini ya ule ukingo wa juu, namwaga, naendelea na tindo hiyohiyo. Kelele ndiyo, majirani wanalalamika, ila mikono yangu yote miwili ninayo.

Kuchonga kwenyewe. Kwanza boksi la kadibodi, nakata sampuli, najaribu kwenye gari mpaka inakaa, ndo nahamishia kwenye bati nikiongeza sentimita mbili za kukunja. Halafu watu wanadhani tumbo la fenda linapatikana kwa kupiga katikati mpaka livimbe. Ukipiga katikati tu bati linazidi kuwa jembamba na linakomaa, mwisho linapasuka. Siri iko pembeni. Ukingo unautia marinda, yani marinda kabisa kama ya sketi ya shule, unakunja kidogo kidogo kwa koleo kila sentimita tano, halafu unalaza lile rinda juu ya gogo na unalipiga kuanzia ncha yake kuja ukingoni ili lisiweze kutorokea nje, linajiingia lenyewe. Ukingo unafupika, katikati panalazimika kuinuka. Ukifanya vizuri unasikia mlio unabadilika, mwanzo nyundo inalia pa, pa, kama debe, baadaye inalia ti, ti, nzito na fupi, hapo ujue bati limebana. Mi gogo langu ni la mwembe, nimelichimba shimo kama la kinu, na mfuko wa turubai wenye mchanga. Basi. Hakuna mashine.

Likikomaa sana lipige moto mpaka wekundu, acha lipoe lenyewe, linalainika. Na likivimba mahali usipotaka, ile ukibonyeza linafanya "pop" na ukiachia "pop", unapiga kidoti cha moto kama sarafu, likiwa jekundu unaligonga huku umeshikilia chuma kwa nyuma, halafu wengi wanapaka kitambaa chenye maji. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi na nitakiri hapa, hicho kitambaa sikiamini sana. Naona kinachovuta bati ni ule ubaridi wa pembeni unaobana kidoti kisitanuke, maji yanaharakisha tu. Ila nikiacha kupaka mkono unaona aibu, kwa hiyo napaka.

Kingine nikiri. Fenda zangu za kushoto na kulia hazifanani, zinapishana milimita tatu, nne siku mbaya. Hajawahi kugundua mtu, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kusimama pande zote mbili za gari kwa wakati mmoja. Na puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde kabla ya rangi, napiga ndiyo. Fundi anayekwambia hapigi puti kabisa mwombe akuoneshe kabla hajapaka rangi. Milimita moja mbili ya kulainisha haina shida, shida ni wale wanaojenga nusu fenda kwa puti halafu ikidondoka barabarani wanalaumu mashimo.

Kutu je? "Si skrepu itaoza haraka?" Kutu haitoki kwenye uskrepu. Inaanza pale bati mbili zilipolaliana, maji yakaingia, ndani hakuna praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hata tone maana fundi kapaka nje tu panapoonekana. Paka ndani kabla hujafunga, acha tundu la maji chini, mengine ni ya kawaida.

Sasa mzee wangu. Nikaona maneno hayatoshi, nikamwita ndani. Nikakata vipande viwili vya upana mmoja, kimoja cha 1.5 nikakiacha tambarare, kingine cha 0.8 nikakikunja pembeni sentimita mbili kila upande kama mfereji. Nikavilaza juu ya matofali mawili yaliyoachana nusu mita, hicho chembamba mikunjo ikiangalia chini. Nikaweka tofali la zege juu ya kile kizito, kikapinda mpaka tofali likateleza likadondoka. Nikaliweka juu ya chembamba. Likakaa. Nikalibonyeza na mkono, likakaa.

Mzee kaangalia muda mrefu, kainama, kakishika kile chembamba kakigeuza, katikisa kichwa. Nikajua leo nimeshinda.

"Nimekuelewa fundi," akasema. "Sasa si ukunje hilo nzito."