Ahadi ya mbunge mgeni si ahadi ya nchi yake

Wabunge wa nchi rafiki wakizuru Kampala, wengi huamini kwamba wanachotamka tayari ni ahadi ya serikali yao. Si ajabu: kuna msafara, bendera, hotuba. Lakini mbunge, hata wa chama tawala, haifungi nchi yake kwa maneno. Mkataba wa Vienna wa 1969, unaoweka kanuni za mikataba kati ya nchi, unawaruhusu mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje kutia saini mikataba bila hati ya mamlaka. Wengine kwa kawaida huidhinishwa kwanza. Kwetu Uganda, soma ibara ya 123 ya Katiba ya 1995: anayefunga mikataba ni rais au mtu aliyeidhinishwa naye. Basi ukisikia “tumekubaliana”, tazama aliyetia saini ni nani, kwa cheo gani. Ziara yenyewe si bure, maana wabunge hao ndio hupigia kura bajeti kwao.